Riziki ya Kiongozi na Mwenye Kuipima: Kutoka Vuga ya Wakilindi hadi Posho ya Diwani

  

Mwaka 1926, katika zama za Gavana Donald Cameron, serikali ya Kiingereza ya Tanganyika ilipitisha Sheria ya Mamlaka za Wenyeji. Wengi wanaikumbuka sheria hiyo kwa kuwa ndiyo iliyowapa machifu nguvu mpya chini ya bendera ya Mwingereza. Wachache wanalikumbuka jambo la pili lililokwenda sambamba nayo, nalo ni kwamba chifu aliacha kula kwa watu wake akaanza kula kwa mshahara. Mbuzi, vikapu vya mahindi na siku za kulima shamba la mkubwa viligeuzwa kuwa fedha za kodi. Fedha zikaingia katika hazina ya wenyeji, na mwisho wa mwezi chifu akapokea kiasi kilichoandikwa daftarini na kukubaliwa na Mkuu wa Wilaya.

Katika milima ya Usambara daftari hilo lilibadilisha mambo mengi kuliko lilivyoonekana. Na kwa kuwa fuqahaa wetu walikwisha kulizungumza jambo la riziki ya mtawala karne nyingi kabla ya Cameron kuzaliwa, tunaona inafaa kuisoma historia ya mlima huu pamoja na historia ya Madina, kisha tuyatazame malipo ya viongozi wetu wa kuchaguliwa wa leo, yaani madiwani na wenyeviti wa vijiji. Maimamu huulizwa sana juu ya malipo hayo, na si wote wenye jibu.

Tuanze na Wakilindi. Katika masimulizi ya Wasambaa, na katika Habari za Wakilindi, kitabu alichokiandika kwa Kiswahili Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy, ufalme wa Usambara ulianza kwa nyama. Mbegha alikuwa mwindaji aliyetoka Nguu. Alipofika milimani aliwakuta watu ambao mashamba yao yanaharibiwa na nguruwe mwitu. Akawaua wale wanyama, nyama akawagawia watu, nao wakampa chakula cha mashambani mwao. (Uislamu ulikuwa haujaupanda mlima huo, kwa hiyo msomaji asishangae.) Kisha akaua simba, watu wa Vuga wakamweka kuwa mkubwa wao, na wafalme waliomfuata wakaitwa Simba Mwene. Ni kiasi gani cha kisa hiki ni tarehe na kiasi gani ni ngano, hilo tuwaachie wenye kazi yao. Kinachoonekana wazi ni namna Wasambaa wenyewe walivyoufahamu utawala: mkubwa hutangulia kutoa, ndipo naye apewe.

Ufahamu huo una maneno yake katika Kisambaa. Mtawala mwema ni yule anayeweza kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, mvua zikanyesha na watu wakashiba. Mtawala mbaya hubana shi, huiharibu nchi, na dalili yake kubwa ni wakubwa kushindana nguvu kwa nguvu huku raia wakiwa ndiyo mali inayogombewa. Mfalme alikula jasho la nchi nzima, hilo hakuna aliyelipinga. Lakini ghala la mkubwa ndilo lililotazamiwa wakati wa njaa, na mgeni wa nchi alilishwa pale. Hapakuwa na kipimo kilichoandikwa. Kipimo kilikuwa macho ya watu.

Kimweri ye Nyumbai, aliyetawala takriban mwaka 1815 hadi 1862, aliufikisha ufalme huo kwenye upeo wake, hata amri yake ikashuka hadi karibu na pwani. Mmishonari Krapf alifika kwake mwaka 1848 na tena mwaka 1852. Aliwakuta baadhi ya wana wa mfalme wamekwisha kusilimu na kujifunza kusoma na kuandika kutoka kwa watu wa pwani. Muda wote wa uhai wake mzee huyo aliwazuia wanawe wasigombane. Alipofariki, kizuizi kikaondoka.

Bonde la Pangani lilikuwa limeshafunguka kwa biashara ya pembe, bunduki na watumwa. Semboja, mwanawe Kimweri, alikaa chini tambarare, Mazinde, mahali ambapo misafara inapita, akapata bunduki na baruti. Mjukuu wa Kimweri, Shekulwavu, alikaa juu Vuga na heshima ya kiti cha enzi. Tambarare ikaishinda Vuga. Tangu hapo wakubwa hawakuhitaji tena mbuzi wa raia, kwa sababu raia mwenyewe alikuwa na bei sokoni. Watu wakakamatwa kwa makosa madogo, wengine bila kosa, wakauzwa. Waislamu walikuwamo katika biashara hiyo, wanunuzi na wauzaji, na mwenye kuandika tarehe hana ruhusa ya kulificha hilo. Sharia haijapata kumhalalishia mtu kumkamata jirani yake huru akamfanya bidhaa. Matokeo yake yalikuwa Kiva, uasi wa mwaka 1869 ambapo watu wa Bonde na wa mashariki ya milima waliinuka dhidi ya Wakilindi, wakawaua na kuwafukuza. Tangu nyama ya Mbegha hadi Kiva haikupita hata karne moja na nusu.

Mjerumani alipokuja alikuta nchi iliyochoka. Alimnyonga Mputa, mtawala wa Vuga, mwaka 1895, akamweka Kinyashi. Lushoto ikaitwa Wilhelmstal na ikawa makao ya wilaya. Mwaka 1897 ikaja kodi ya nyumba, na maakida na majumbe wakawa wakusanyaji. Katika wilaya nyingi jumbe aliruhusiwa kubaki na sehemu ya kile alichokusanya. Msomaji wa fiqhi atausimamia mkono mtindo huu mara moja, kwani mkusanyaji ambaye riziki yake hukua kila anapombana raia ana sababu ya kumbana. Qur'ani katika Suratut-Tawba iliwapa watumishi wa zaka fungu lao, lakini fuqahaa wa madhehebu yetu ya Shafii wamelifunga fungu hilo kwa ujira wa mfano wa kazi yake. Likizidi, ziada hurejeshwa kwa wanaostahiki wengine.

Basi ndipo tunafika mwaka 1926. Kinyashi, aliyekuwa amejiuzulu zama za Mjerumani, alirejeshwa na Mwingereza katika miaka hiyo ya 1920. Mshahara ulionekana kuwa ni rehema: raia aliondolewa mzigo wa kumlimia mkubwa, na kila kitu kikawa na hesabu. Tusiikanushe faida hiyo. Kabla ya daftari hapakuwa na mtu wa kumwambia mkubwa kwamba mbuzi wa saba ni wa dhulma na wa sita alikuwa wa haki.

Lakini tazama kilichotokea nyuma yake. Chifu alipokuwa anakula kwa watu, watu wakinuna alilala njaa. Alipoanza kula kwa daftari, aliyeweza kumlaza njaa ni Mkuu wa Wilaya. Miaka ya 1940 na 1950 serikali ilipotaka watu wa Mlalo na baadaye Usambara nzima wachimbe matuta mashambani ili kuzuia mmomonyoko, machifu ndio waliotumwa kusimamia na kuwatoza faini waliokataa. Wakulima waliichukia kazi ile, hasa kina mama waliobeba uzito wake, na wengi walihofu kwamba ardhi waliyoitaabikia itaponyoka mikononi mwao. Chifu wa zamani angeweza kusita. Chifu wa mshahara alikuwa na barua mkononi. Upareni, majirani zetu, walikuwa wamekwisha kuonyesha mfano: kati ya mwaka 1944 na 1947 walipambana na kodi ya mbiru iliyopangwa na wakubwa wao kwa kukisia mali ya kila mtu, hata ikaondolewa. Huku Usambara mradi wa matuta uliachwa kabla ya uhuru, na TANU ilikuta watu wamekwisha kuchoshwa na machifu. Sheria ya mwaka 1963 ilipoufuta uchifu Tanganyika nzima, machozi yalikuwa machache kuliko walivyotarajia baadhi ya watu wa Vuga.

Sasa twende Madina.

Imepokewa na Ibn Saad na wengineo kwamba Sayyidna Abubakar (r.a.), asubuhi baada ya kupewa bay'a, alichukua nguo zake begani akaelekea sokoni kama alivyozoea, maana alikuwa mfanyabiashara. Sayyidna Umar na Abu Ubayda (r.a.) wakamkuta njiani, wakamuuliza vipi atauza nguo na hali amebeba jambo la Waislamu. Akawauliza, basi watoto wake atawalisha nini? Wakamwambia arudi, watampangia. Wakampangia sehemu ya mbuzi kila siku na mavazi, na katika riwaya nyingine kiasi cha dirhamu kwa mwaka, kisha alipoona hakimtoshi wakamwongezea. Imam Bukhari naye amepokea kwa Bibi Aisha (r.a.) maneno ya baba yake yenye maana kwamba watu wake wanajua kazi yake ilikuwa inaitosha aila yake, lakini sasa ameshughulishwa na mambo ya Waislamu, hivyo aila yake itakula katika mali hii naye atawafanyia kazi.

Katika kisa hiki wanazuoni wetu wamelitoa la kwanza, yaani uhalali wa riziki ya kiongozi, nalo halina mzozo. La pili hupitwa haraka: Abubakar hakujipangia. Yeye ndiye aliyekuwa na funguo, jeshi na utii wa watu, lakini kiasi kilitajwa na wengine, na mmoja wao ni Umar, mtu asiyejulikana kwa kubembeleza. Naye Khalifa alipoona ni kidogo alisema kwamba hakimtoshi. Hakuiingiza mkono hazina. Alipokaribia kufariki aliusia kirudishwe kwenye Baitulmali kile alichokuwa amekitumia, na Umar alipoletewa alilia na kusema kwamba Abubakar amewachosha watakaokuja baada yake. Riwaya zimetofautiana katika kiasi kilichorudishwa, ila katika asli ya jambo zimekubaliana.

Umar alipotawala yeye mwenyewe alikaa muda bila kuchukua kitu hadi akabanwa na haja. Akawakusanya watu akawauliza ni kipi kilicho halali kwake katika mali hii. Watu wakasema mengi na Ali (r.a.) amenyamaza. Umar akamgeukia. Akamjibu kwamba ni kile kinachokutengeneza wewe na aila yako kwa wema, na zaidi ya hicho huna. Umar akachukua kauli ya Ali. Akawa akijifananisha na msimamizi wa mali ya yatima kama ilivyo katika Suratun-Nisaa: akijitosheleza ajizuie, akihitaji ale kwa wema. Baadaye wakubwa wa Sahaba walipoona maisha yake ni magumu mno, wakataka aongezewe, wakaogopa kumkabili, wakamtumia binti yake Bibi Hafsa (r.a.), Mama wa Waumini. Alikasirika akataka kuwajua waliomtuma. Hafsa hakuwataja. Basi akamuuliza habari za nguo bora, chakula bora na tandiko bora alivyokuwa navyo Mtume (s.a.w.) nyumbani kwake, naye akavieleza, na nyongeza ikaishia hapo.

Ama kwa watumishi wake Umar hakuwa na kanuni ya kuwanyima. Imam Abu Yusuf, mwanafunzi wa Abu Hanifa, katika Kitabul-Kharaj alichomwandikia Harun al-Rashid, ameeleza kwamba Umar alipowapeleka Kufa Ammar bin Yasir kwa swala na jeshi, Abdullah bin Masud kwa hukumu na hazina, na Uthman bin Hunayf kwa kupima ardhi, aliwapangia mbuzi mmoja kila siku: nusu kwa Ammar, robo kwa Ibn Masud na robo kwa Ibn Hunayf. Kisha akasema jambo ambalo kila mjumbe wa kikao cha bajeti angelipaswa kulijua. Aliapa kwamba haoni ardhi inayotolewa mbuzi mmoja kila siku isipokuwa itaharakia kuharibika. Sawad ya Iraq ilikuwa na mito miwili na mitende isiyohesabika, na Umar anauhesabu mbuzi! Msambaa wa zamani angemfahamu bila mkalimani. Alikuwa anasema kwamba riziki ya mtawala yaweza kubana shi.

Kabla ya hapo Mtume (s.a.w.) mwenyewe alimpangia Attab bin Asid, liwali wake wa Makka, dirhamu moja kwa siku, na Attab akawaambia watu kwamba imemtosha, hana haja ya kitu kwa yeyote. Katika Hadithi ya Mustawrid bin Shaddad aliyoipokea Abu Daud, mtumishi wa umma asiye na mke ajipatie mke, asiye na mhudumu ajipatie mhudumu, asiye na nyumba ajipatie nyumba, na anayevuka hapo ni mwenye khiyana au mwizi. Wanazuoni wamefahamu hapa kwamba kifaya si shibe ya tumbo peke yake. Mtumishi anastahiki makazi na heshima ili macho yake yasitamani vya watu. Imam al-Mawardi katika al-Ahkam al-Sultaniyya, alipozungumzia kutoka kwa jeshi, alikipima kifaya kwa mambo matatu: idadi ya wanaomtegemea mtu, vipando anavyovihitaji, na bei za mahali anapoishi zikiwa ghali au rahisi. Kadhaalika al-Qarafi, katika Maliki, alitenganisha baina ya riziki na ujira: ujira ni mkataba wa kuuza na kununua kazi, riziki ni ihsani inayotolewa na Baitulmali kwa ajili ya maslahi, na mtawala huizidisha na kuipunguza kwa kufuata maslahi hayo. Sisi Shafii tumeongeza sharti kwa kadhi: ikiwa kazi imemlazimu yeye peke yake naye ana kifaya chake, asichukue, akiwa mhitaji, achukue.

Kwa mizani hii tuwatazame viongozi wa kuchaguliwa wa zama zetu.

Halmashauri za wilaya zilifutwa Tanzania Bara mwaka 1972, zikarudi kwa Sheria Na. 7 ya mwaka 1982 na kuanza kazi mwaka 1984. Milima yetu ya Lushoto ina halmashauri mbili tangu mwaka 2013 Bumbuli ilipopewa yake. Diwani huchaguliwa kwa miaka mitano na hana mshahara. Ana posho ya mwezi, ana posho ya vikao, na viwango vyake haviamuliwi na madiwani wenyewe. Hutolewa na Waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa. Mbunge yuko tofauti: Katiba, ibara ya 73, inasema atalipwa mshahara na posho kwa mujibu wa sheria iliyotungwa na Bunge. Kwa maneno mengine, mbunge anakaa katika baraza linalotunga sheria ya riziki yake, na diwani hapimi yake.

Kwa mtazamo wa kisa cha Abubakar, hali ya diwani katika jambo hili ndiyo iliyo karibu zaidi na Sunna, ingawa sidhani kama kuna diwani anayefurahi nikimwambia hivyo. Majirani zetu wa Kenya walijaribu kulitengeneza tatizo la wabunge kwa Katiba yao ya mwaka 2010. Ibara ya 230 iliunda Tume ya Mishahara ili wabunge, magavana na wawakilishi wa kaunti wapimiwe na mtu wa nje. Tume ilipotangaza viwango vya mwaka 2013 na kumwekea mbunge shilingi 532,500 za Kenya kwa mwezi, chini ya kile walichopokea waliotangulia, Bunge jipya likapitisha azimio mwezi Mei la kuvifuta. Waandamanaji wakapeleka nguruwe mbele ya Bunge mjini Nairobi. Mahakama Kuu baadaye iliamua kwamba azimio lile halikuwa na nguvu ya kikatiba. Hapa kwetu, mwezi Oktoba 1966, Mwalimu Nyerere alijipunguzia mshahara kwa asilimia 20 na kuwapunguzia wakubwa wa serikali, na Azimio la Arusha la mwaka 1967 likamkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili. Mtu anaweza kuwa na mengi ya kusema juu ya Azimio. Katika nukta hii lilisema waliyokwisha kuyasema Sahaba.

Kulikuwa na ufa katika mpango wa diwani, nao unafanana na ule wa mwaka 1926. Kazi ya diwani ni kumsimamia mkurugenzi na wataalamu wake: fedha za kituo cha afya zimekwenda wapi, barabara ya kushukia Mombo imefanyiwa nini. Lakini posho yake ililipwa kutoka mapato ya ndani ya halmashauri, na wa kuidhinisha malipo ni mkurugenzi huyo huyo. Katika halmashauri maskini posho zilicheleweshwa kwa miezi. Msimamizi akawa mdai wa msimamiwa, na mwenye kudai huinamisha kichwa. Katika bajeti ya mwaka 2021/22 Serikali Kuu ilitangaza kubeba yenyewe posho ya mwezi ya madiwani wa halmashauri zisizo na uwezo na kuipeleka moja kwa moja katika akaunti zao. Naona hatua hiyo ni sahihi kifiqhi, kwa sababu imemwondoa mkusanyaji na mlipaji kati ya diwani na riziki yake. Ubaya wake upo pia, na watu wa Vuga wanaujua: riziki inayotoka mbali hugeuza uso wa mwenye kuipokea ukatazama mbali. Mkulima wa kabichi wa Soni, ambaye ushuru wa mazao yake ndio uliokuwa ukimlisha diwani, alikuwa angalau na haki ya kumuuliza amekula nini. Zilizobaki, posho za vikao, bado zinamgusa, na hapo panahitaji ucha Mungu zaidi ya waraka. Kikao kinachoitishwa ili posho ilipwe si kazi ya umma, hivyo hakuna riziki inayostahiki kwacho hata kama daftari limesainiwa. Hadithi ya Burayda katika Abu Daud iko wazi kwamba aliyepangiwa riziki kisha akachukua zaidi yake, hicho ni ghuluul.

Mwenyekiti wa kijiji na wa kitongoji ndiye mwenye mas'ala magumu. Naye huchaguliwa, mara ya mwisho ilikuwa Novemba 2024, lakini hana mshahara wa kisheria. Mtendaji aliye chini ya usimamizi wake ni mwajiriwa anayelipwa. Tangu kodi ya maendeleo na ushuru mdogo mdogo vilipofutwa mwaka 2003, vijiji vingi havina chanzo cha maana cha kumpa hata nauli. Matokeo yake kila mtu anayajua: hela ya muhuri. Mtu akiuza shamba, akihitaji barua ya utambulisho, akitaka shahidi wa mpaka, hutoa kitu. Katika miji mingine limekuwa fungu linalojulikana la bei ya kiwanja.

Wapo wanaosema hii ni hadiya, na Mtume (s.a.w.) alipokea hadiya. Jibu liko katika Hadithi ya Ibnul-Lutbiyya kwa Bukhari na Muslim. Mtu huyo wa kabila la Azd alitumwa kukusanya zaka ya Bani Sulaym, akarudi akagawa mali mafungu mawili, hiki chenu na hiki nimepewa mimi. Mtume (s.a.w.) akapanda mimbari akauliza kwa nini asikae nyumbani kwa baba yake na mama yake aone kama ataletewa. Kipimo kinabaki hicho hicho: mwenyekiti akivuliwa muhuri kesho, yule muuza shamba atamletea kitu? Jirani aliyezoea kumpelekea ndizi kabla hajachaguliwa, na asiye na shauri mbele yake, huyo ndizi zake ni halali. Asiyekuwa huyo, hapana, na Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 haiko mbali na hukumu hiyo.

Lakini fuqahaa hawakumwacha mtumishi hapo na njaa yake. Walioharamisha hadiya ndio waliowajibisha riziki. Umar alimpangia kadhi Shurayh dirhamu mia kwa mwezi kwa riwaya iliyotajwa na Ibn Qudama katika al-Mughni, na huyo huyo Umar ndiye aliyekuwa akiorodhesha mali za magavana kabla ya kuwatuma na kuwachukulia nusu ya iliyozidi waliporudi. (Madiwani wetu nao hujaza fomu za mali chini ya Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995, ila nusu haichukuliwi na mtu.) Kumfunga mtu mikono yote miwili, asipokee kwa watu na asipewe na hazina, kisha kumtazamia aache kazi zake za shamba kwa miaka mitano, si njia ya Umar. Mkutano mkuu wa kijiji unaweza, kwa idhini ya sheria ndogo zinazopitia halmashauri, kuweka ada ya wazi ya huduma inayolipwa kwa stakabadhi na kuingia katika akaunti ya kijiji, na katika hiyo mwenyekiti akapangiwa nauli na posho inayosomwa mbele ya watu. Fedha ile ile iliyokuwa ghuluul mfukoni inakuwa mali ya umma ikipitia daftarini, na kinachotolewa humo kwa uamuzi wa wengine kinakuwa riziki. Vijiji vyenye misitu ya jamii au machimbo ya mawe vina njia pana zaidi, navyo visingoje sheria ya Dodoma.

Ama aliyekwisha kuchukua hela za muhuri na sasa anataka kutubia: anayewajua wenyewe awarudishie, na asiyewajua aitoe katika maslahi ya kijiji kile kile, kama Umar alivyoirudisha ziada ya magavana katika Baitulmali na wala hakuigawa kwa jamaa zake. Akiwa fukara kiasi cha kutokuwa nayo, ni deni shingoni mwake, alipe kidogo kidogo. Wala haimlazimu kujiuzulu ikiwa kijiji hakina mwingine mwenye uaminifu kama wake. Bali hapo ndipo sharti letu la Shafii linapomgeukia, kwani aliye mhitaji na kazi imemlazimu yeye ndiye mwenye haki zaidi ya kusimama mkutanoni akaomba apangiwe.

Wallahu a'lam.